Kalamu ilikuwa mikononi mwa waliorudi

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wachimbaji wa Kijerumani waliokuwa chini ya Robert Koldewey walikuta katika mabaki ya jumba la kifalme la Babeli vibao vya udongo vilivyojaa mambo ya ghala. Havikuwa na historia wala sala. Vilikuwa na orodha ya mafuta tu: nani kapewa, kiasi gani. Mwaka 1939 mtaalamu Ernst Weidner alitoa hadharani alichokisoma humo, na katikati ya mabaharia wa Tiro, watu wa Misri na wana wa mfalme wa Ashkeloni, anatokea Yaukinu, mfalme wa nchi ya Yahudu. Mahali pengine karani ameandika sila mbili na nusu kwa wana watano wa mfalme wa Yahudu. Sila ni kipimo cha karibu lita moja. Kwa hiyo kila mtoto wa mfalme alipata kama nusu lita, sawa na chupa ndogo ya mafuta ya kupikia ya dukani.

Yaukinu huyo ndiye Yekonia wa Biblia ya Kiswahili, ambaye kwingine anaitwa Yehoyakini. Alitawala Yerusalemu miezi mitatu akiwa na miaka 18, kisha akatoka nje ya mji na mama yake, na watumishi na maakida wake, akajisalimisha kwa Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Wababeli waliweka kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka, kwa hiyo siku mji uliposhikwa tunaijua: tarehe 2 ya mwezi Adari, ambayo kwa kalenda yetu ni 16 Machi 597 KK. Mfalme akaenda zake Babeli, na miaka kadhaa baadaye bado anaandikwa kwenye daftari la mafuta kwa cheo chake kamili. Mfungwa, ndiyo, lakini mfungwa anayeitwa mfalme na kulishwa na serikali.

Kwenye mahubiri na nyimbo za kwaya zetu jambo hili huitwa "utumwa wa Babeli". Biblia yenyewe ina uangalifu zaidi. Mathayo anapohesabu vizazi anasema "uhamisho". Umbali kati ya maneno hayo mawili si mdogo, hasa kwa msomaji wa pwani, ambaye akisikia utumwa anaona mnyororo, soko na jahazi. Waliochukuliwa kutoka Yuda hawakupigwa mnada. Wengi walipelekwa kama familia, wakakalishwa kwenye mashamba kando ya mifereji, wakadaiwa kodi na siku za kazi. Hawakuwa na ruhusa ya kuondoka, ila hawakuwa pia mali ya bwana fulani. Tukishateleza kwenye neno, tunateleza na kwenye hesabu: tunadhani wote walichukuliwa, halafu tunadhani wote walirudi. Yote mawili si kweli, na pale yanaposhindwa kuwa kweli ndipo penye kisa chenyewe.

Mtu asije akasema napunguza machungu. Kuzingirwa kwa mwisho kwa Yerusalemu kulidumu kama mwaka mmoja na nusu, na watu walikufa njaa ndani ya kuta. Mji ulipoangushwa, 587 au 586 KK (wanahistoria wanabishania mwaka mmoja huo hadi leo), mfalme Sedekia alitoroka usiku, akakamatwa katika nchi tambarare za Yeriko, wanawe wakachinjwa mbele yake, kisha macho yakatobolewa. Huko Lakishi, ngome ya kusini, mwaka 1935 yalipatikana maandishi ya wino kwenye vigae vya vyungu. Kwenye kimoja askari anamwarifu mkubwa wake kwamba wanatazama ishara za moto za Lakishi, maana za Azeka hawazioni. Yeremia anataja miji hiyo hiyo miwili kuwa ngome za Yuda zilizokuwa bado zimesimama. Na ndani ya Yerusalemu, chini ya tabaka la majivu, wachimbaji walikuta mihuri ya udongo zaidi ya 50 iliyokuwa imefunga hati za papirasi. Hati ziliungua zote. Udongo ulichomwa na moto huo huo ukawa mgumu kama tofali, ndiyo sababu leo tunaweza kusoma juu ya muhuri mmoja jina la Gemaria mwana wa Shafani, karani anayetajwa katika kitabu cha Yeremia. Moto uliokula maandishi ukatuachia sahihi.

Sasa hesabu. Sura ya mwisho ya Yeremia inatoa tarakimu za kikarani kabisa: watu 3,023 mara ya kwanza, 832 mara ya pili, 745 mara ya tatu, jumla 4,600. Kitabu cha Wafalme kinasema 10,000 kwa mkupuo wa mwaka 597 peke yake. Hata tukisema wamehesabiwa wanaume tu, tukaongeza wake na watoto, bado hatufiki kwenye taifa zima. Waliokwenda walichaguliwa: wakuu, askari, makuhani, waandishi, na kwa mkazo maalumu mafundi na wahunzi. Babeli ilikuwa inajenga. Isitoshe, mfalme anayemwondolea adui yake wahunzi anamwondolea na panga za kesho.

Na waliobaki? Yeremia anasema kwamba Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi, aliwaacha maskini wasiokuwa na kitu, akawapa mashamba ya mizabibu na makonde siku ile ile. Huwa narudi kwenye sentensi hiyo. Kwa mtu aliyekuwa kibarua katika shamba la mwingine maisha yake yote, siku hekalu lilipoungua ndiyo siku aliyopata ardhi. Hakuna zaburi iliyotungwa kwa ajili yake. Sura ya 40 ya kitabu hicho hicho inasema kwamba Wayahudi waliokuwa wametawanyika Moabu, Amoni na Edomu walirudi chini ya liwali Gedalia kule Mispa, wakavuna divai na matunda ya wakati wa hari, mengi sana. Wanaakiolojia nao wanakubaliana na picha hiyo: Yerusalemu na Lakishi ni majivu, lakini eneo la Benyamini, kaskazini kidogo tu, liliendelea kukaliwa. Gedalia mwenyewe aliuawa, na kundi moja likakimbilia Misri likimburuta Yeremia bila ridhaa yake. Lakini wakulima hawakwenda popote.

Linganisha na mwandishi wa Mambo ya Nyakati, anayeandika vizazi vingi baadaye. Kwake nchi ilikaa ukiwa, ikapumzika, ikazifurahia sabato zake mpaka miaka 70 itimie. Katika mabano nikumbushe kwamba ardhi inayosemwa kuwa tupu mara nyingi huwa na mtu anayelima. Ni yule ambaye hajui kuandika tu.

Nani basi alikuwa Yuda wa kweli? Ugomvi ulianza mapema, hata kabla hekalu halijaanguka. Ezekieli, kuhani aliyechukuliwa pamoja na Yekonia, anawanukuu wakaaji wa Yerusalemu wakisema juu ya waliohamishwa: hao wamekwenda mbali na Bwana, nchi hii tumepewa sisi. Haya ni maneno ya mtu aliyekwisha kuhamia kwenye nyumba ya jirani. Yeremia, kwa upande wake, aliona vikapu viwili vya tini mbele ya hekalu, kimoja cha tini nzuri sana, kingine cha tini mbovu zisizolika; nzuri ni waliohamishwa, mbovu ni waliobaki. Picha hiyo ndiyo iliyoshinda. Lakini angalia alichofanya Yeremia mwenyewe alipopewa nafasi ya kuchagua. Nebuzaradani alimfungua minyororo akamwambia aende Babeli akatunzwe au akae popote apendapo. Nabii wa tini akachagua kukaa Mispa, kati ya tini mbovu.

Ili kuelewa kwa nini watu hawa hawakuyeyuka huko ugenini, mtazame kwanza ndugu zao wa kaskazini. Samaria ilianguka karibu 722 KK, na mfalme Sargoni wa pili wa Ashuru akajisifu kwa maandishi kwamba aliwahamisha watu 27,290. Waashuru walikuwa na mbinu ya kuchanganya: huyu peleka Umedi, yule leta kutoka Babeli na Hamathi umkalishe Samaria. Waliohamishwa na Ashuru hatuwaoni tena wakiwa kundi moja, na ndiyo asili ya hadithi za makabila kumi yaliyopotea. Babeli haikufanya hivyo. Iliwakalisha watu wa mahali pamoja katika kijiji kimoja, na haikuleta wageni kuijaza Yuda. Si kwa huruma. Nchi ya Nipuri, kusini, ilikuwa imeharibika katika vita virefu na Ashuru, mifereji ilitaka kuzibuliwa, na kundi linalojuana tayari hufanya kazi vizuri zaidi. Majina yenyewe yanasema. Ezekieli alikaa Tel-abibu, jina ambalo kwa lugha ya Babeli ni kilima cha gharika, yaani gofu la zamani. Kwenye orodha ya Ezra kuna Tel-mela na Tel-harsha. Tel ni kichuguu kinachobaki mji unapokufa. Walipewa magofu wayafufue.

Mojawapo ya vijiji hivyo tunakifahamu sana sasa. Kiliitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda, kama vile mtu angeuita mtaa wake mpya kwa jina la kwao. Vibao vinavyokihusu na vijiji jirani ni kama 200, kuanzia mwaka 572 KK, miaka 15 tu baada ya hekalu kuchomwa, hadi 477. Kuna doa: havikufukuliwa na wanaakiolojia, vilipitia soko la vitu vya kale, kwa hiyo hatuwezi kunyoosha kidole na kusema kijiji kilikuwa hapa. Yaliyomo ni maisha ya kila siku ya mkulima anayedaiwa: kukodi shamba, kukopa shayiri na kuahidi kuilipa wakati wa mavuno, tende za kodi, mgawo wa urithi. Mtu mmoja, Ahikamu mwana wa Refaya, anafuatiliwa kwa miaka mingi akikusanya kodi za wenzake na kufanya biashara, na alipokufa wanawe watano wakagawana alichoacha. Mmoja anaitwa Hagai.

Kibao kinachonigusa zaidi ni cha shughuli ya kawaida, kimeandikwa kwa alama za kabari kama vyote. Ila pembeni, kwenye ukingo wa udongo, mtu amekwaruza kwa herufi za zamani za Kiebrania jina Shelemia. Labda ili kibao kitambulike haraka kikiwa kwenye rafu. Herufi chache tu, za mtu aliyefundishwa kuandika na mtu aliyefundishwa kwao.

Kwa hiyo barua maarufu ya Yeremia ilitiiwa. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake," aliwaandikia, pandeni bustani, ozeni watoto, utakieni mji ule amani. Walijenga, wakapanda, wakaoza. Zaburi ya 137, ile ya kuketi kando ya mito ya Babeli na kulia, ni ya kweli pia. Aliyeitunga alikuwa mwimbaji, na mwimbaji wa hekalu asiye na hekalu hana kazi. Mkulima wa Al-Yahudu kazi alikuwa nayo. Mito ile ile aliyolilia mwimbaji, mkulima aliizibua tope ili maji yafike kwenye mitende.

Oktoba 539 KK Koreshi wa Uajemi akaingia Babeli. Hapa nako kuna jambo tunalolimeza bila kutafuna. Silinda ya udongo ya Koreshi, iliyopatikana Babeli mwaka 1879 na sasa iko Makumbusho ya Uingereza mjini London, husifiwa kama hati iliyowafungua Wayahudi. Ukiisoma, haimtaji Myahudi, haitaji Yerusalemu. Inasema Marduki, mungu wa Babeli, alimtafuta mfalme mwenye haki akamshika mkono Koreshi. Kwamba aliwarudisha miungu kwenye mahekalu yao katika miji iliyotajwa, mingi ya upande wa Tigri, pamoja na watu wao. Mwandishi wa sura za Isaya za wakati wa uhamisho naye anamwita Koreshi "masihi" wa Bwana, neno ambalo Biblia ya Kiebrania haimpi mgeni mwingine yeyote. Kila hekalu lilikuwa na sababu ya kumwona mfalme mpya kuwa mtu wake, na mfalme mpya alikuwa na sababu ya kuwaacha waamini hivyo. Amri ya kitabu cha Ezra inaingia vizuri ndani ya siasa hiyo. Uajemi ulikuwa na jicho lake Misri, iliyokuja kutekwa na Kambise, mwana wa Koreshi, mwaka 525, na mkoa mtulivu wenye shukrani njiani kwenda Misri haukuwa kitu cha kudharau.

Ezra anasema waliorudi walikuwa 42,360, mbali na watumwa 7,337 na waimbaji 200, wakiwa na farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435 na punda 6,720. Usiruke hapo: watu waliotoka "utumwani" wana watumwa. Halafu jumlisha koo moja moja kama zilivyoandikwa. Unapata 29,818, si 42,360. Nehemia ana nakala ya orodha hiyo hiyo, yenye jumla ile ile, na kwake koo zinafika 31,089. Wanaakiolojia wanaokadiria kwa ukubwa wa vijiji wanaipa Yuda yote ya wakati wa Waajemi kati ya watu 12,000 na 30,000 hivi, wenyeji na waliorudi pamoja. Mimi nakubaliana na wale wanaosema kuwa orodha hii si ya msafara mmoja. Inanukia sajili, daftari la jumuiya lililojazwa kwa miaka mingi, la kuonyesha nani ni wetu na ana haki ya shamba gani. Wako wanaotajwa humo kwamba walishindwa kuonyesha nasaba zao, na makuhani ambao majina yao yalitafutwa kwenye vitabu yasionekane, wakaondolewa katika ukuhani. Yaani kulikuwa na meza, karani, na foleni.

Lakini tarakimu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo. Mwaka 458 KK, kwa hesabu iliyozoeleka, Ezra anaondoka na wanaume kama 1,500. Wanapiga kambi siku tatu kwenye mto Ahava. Anakagua watu, anakuta makuhani wapo, Mlawi hata mmoja hayupo. Inabidi atume wajumbe Kasifia kuwabembeleza, na wanapatikana 38. Katika orodha ya kwanza nako makuhani ni 4,289 na Walawi 74. Walawi, watu wa hekalu, hawataki kurudi kwenye hekalu! Sababu si ngumu kuiona. Ezekieli alikwisha kuandika kwamba madhabahuni watakaribia wana wa Sadoki, na Walawi wengine watakuwa walinda milango na wachinjaji. Fikiria umekaa Kasifia, una shamba, una mitende, watoto wamezaliwa hapo, baba yako kazaliwa hapo. Anakuja mtu anakwambia funga mizigo, safari miezi minne, ukawe bawabu.

Walio wengi walibaki. Mwaka 1893 huko Nipuri ilifukuliwa hazina ya kumbukumbu za familia ya wafanyabiashara iitwayo Murashu, za miaka ya 454 hadi 404 KK, na humo Wayahudi wanaonekana wakikodi ardhi, wakishuhudia mikataba, wakifanya kazi ndogondogo za serikali. Hiyo ni enzi ya Ezra na Nehemia wenyewe. Na huko mpaka wa kusini wa Misri, kwenye kisiwa cha Elefantine katika Nile, walikuwako askari Wayahudi wenye hekalu lao la Yahu, ambalo wanasema lilikuwa limesimama tangu kabla ya Kambise. Lilibomolewa mwaka 410, na mwaka 407 wakamwandikia liwali wa Yuda kuomba msaada wa kulijenga tena. Kwenye barua hawaombi radhi kwa kuwa na hekalu nje ya Yerusalemu. Hawakujua kwamba kuna kitu cha kuombea radhi.

Basi waliorudi ni kundi dogo ndani ya kundi dogo. Wakaja na mambo ya huko. Kiongozi wao, mjukuu wa Yekonia aliyekuwa akipimiwa mafuta, anaitwa Zerubabeli, mbegu ya Babeli. Miezi ya kalenda yao ikawa Nisani, Tamuzi, Adari, majina ya Kibabeli, na Tamuzi ni mungu aliyekuwa akililiwa na wanawake, jambo ambalo Ezekieli alilitaja kuwa chukizo. Hata herufi za mraba ambazo leo tunaziita za Kiebrania ni za Kiaramu, zilizoshika nafasi ya zile za zamani katika karne zilizofuata. Zile za jina la Shelemia pale ukingoni zikabaki kwa Wasamaria.

Msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, vijana wakapiga vigelegele, na kitabu kinasema mtu hakuweza kupambanua kelele za furaha na za kilio. Ni mstari mzuri kuliko yote katika Ezra. Kinachofuata hakina uzuri huo. Majirani wanakuja kusema tujenge pamoja, tunamtafuta Mungu huyo huyo. Zerubabeli na wakuu wanakataa. Mwandishi anawaita majirani hao adui, watu walioletwa na Ashuru. Huenda baadhi walikuwa hivyo. Lakini maskini wa Nebuzaradani, waliopewa makonde, wako wapi kwenye kitabu hiki? Hawana jina lao. Jumuiya inaitwa "wana wa uhamisho". Uenyeji sasa unathibitishwa kwa kuwahi kuondoka. Kuna mlango ulioachwa wazi kidogo: Pasaka ya mwaka hekalu lilipokamilika, 515 KK, iliwakubali pia wale waliojitenga na uchafu wa mataifa ya nchi. Kubaki tu hakukutosha.

Chini yake kulikuwa na swali la ardhi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoiona hii kuwa habari ya imani peke yake. Mjukuu anarudi na kumbukumbu ya shamba la babu. Anakuta mjukuu mwingine analilima mwaka wa 50, na babu yake alipewa na serikali ya wakati huo, mchana kweupe. Ezra alipoitisha mkutano kuhusu wake wa kigeni, tangazo lilisema asiyefika kwa siku tatu mali yake yote itachukuliwa na yeye atatengwa na mkutano wa waliohamishwa. Walifika. Ilikuwa tarehe 20 ya mwezi wa tisa, msimu wa mvua, wakaketi kwenye uwanja mbele ya nyumba ya Mungu wakitetemeka, kwa sababu ya jambo lenyewe na kwa sababu ya mvua kubwa. Wakasema ndiyo, lakini watu ni wengi na mvua inanyesha, hatuwezi kusimama nje. Wawili, Yonathani na Yahzeya, wakasimama kupinga, hivyo ndivyo wengi wanavyousoma mstari huo. Mke wa kigeni alikuwa na watoto, na watoto hurithi. Nani alikuwa "mgeni" miongoni mwa wanawake hao, na wangapi walikuwa mabinti wa Yuda ambao babu zao hawakuchukuliwa, kitabu hakituambii. Wao hawakuulizwa kitu uwanjani.

Kisha akaja Nehemia mwaka 445, mnyweshaji wa mfalme kutoka Shushani, mtu wa vitendo na hasira. Ukuta akaumaliza kwa siku 52. Katikati ya ujenzi watu wakamlilia: tumeweka rehani mashamba na nyumba ili tupate nafaka wakati wa njaa, tumekopa fedha za kodi ya mfalme, wana wetu na binti zetu tunawatia utumwani. Wadai walikuwa ndugu, wakuu wa Yuda. Nami husema kwamba kama kuna mahali neno utumwa linafaa bila kupunguza kitu katika habari hii yote, ni hapa, nyumbani, chini ya ukuta mpya. Nehemia aliwakaripia mpaka wakarudisha mashamba, ingawa alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha.

Jumuiya ya Babeli iliishi kuliko Babeli. Talmudi, yaani mkusanyo wa sheria na mafundisho ya marabi, yenye uzito kuliko nyingine ni ile ya Babeli, iliyotoka katika vyuo vya nchi hiyo ya mifereji, na Baghdad ilikuwa na Wayahudi wengi hadi karne ya 20. Walipoondoka Iraki kwa ndege miaka ya 1950 na 1951, watu kama 120,000, zoezi lenyewe lilipewa jina la Ezra na Nehemia, kama miaka 2,400 baada ya wale Walawi 38.

Na Yerusalemu? Nehemia anaeleza kwamba mji ulikuwa na nafasi, tena mkubwa, lakini watu ndani yake walikuwa wachache na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Wakuu walikaa mjini. Waliobaki walipiga kura, mtu mmoja katika kila kumi aende kukaa Yerusalemu, tisa wabaki vijijini kwao. Wakawabariki wote waliojitolea kwa hiari.